Ilani Yenye Picha

Jumatatu, 6 Machi 2006

Shajara hii ni ya bure. Bwana Ndegwa huwapa wafanyakazi wake kila Desemba, jina la kampuni limepigwa dhahabu kwenye jalada, na nilipoacha kazi kwake mwezi jana niliondoka nayo mkobani pamoja na kikombe changu. Sikuwa na mpango wa kuandika chochote humu. Leo ninalo la kuandika.

Asubuhi nilipigiwa simu na mama mmoja wa ile hospitali ya wamishonari ninakotaka kazi ya kutunza stoo ya dawa. Sauti yake laini kama ya kuombea wagonjwa. Alisema nimo miongoni mwa wachache waliobaki, usaili ulikwenda vizuri, na kwamba baada ya Pasaka, kabla hawajaajiri mtu, wao hulitafuta jina lake kwenye mtandao. Ni kawaida tu, akasema. Nikacheka kimoyomoyo. Mimi Perpetua Ndunge Kilonzi, mchuuzi wa hadubini na vioo vya maabara kwa shule za Ukambani, nitakuwa kwenye mtandao nikifanya nini?

Nikaingia saiba, duka la kompyuta za mtandao pale Kangemi, nikalipa, nikaliandika jina langu Google. Nikajiona.

Ni picha ile ya pasipoti niliyopiga siku niliyoajiriwa, nywele zimesukwa vibaya na macho yamenitoka. Chini yake: ILANI KWA UMMA. Mtu ambaye picha yake inaonekana hapo juu si mfanyakazi wetu tena. Hana ruhusa ya kufanya biashara yoyote kwa niaba ya kampuni. Atakayeshughulika naye atajibebea hasara mwenyewe.

Kila Mkenya ameyaona maneno hayo gazetini na kila Mkenya anajua maana yake. Hayasemi mwizi popote, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyeyasoma asisikie mwizi. Mimi mwenyewe nimewahi kuyasoma kwenye basi, nikatikisa kichwa na kusema, huyu naye alikula ngapi?

Lingekuwa gazeti ningevumilia. Gazeti la Jumanne hufungia nyama Jumatano. Laiti ningeitwa Mary Wanjiku, ningejificha katikati ya wenzangu maelfu. Lakini Perpetua Ndunge Kilonzi ni mmoja tu duniani, na mashine haikusumbuka hata kidogo kunipata.

Jumanne, 7 Machi

Nimerudi saiba kuangalia, kana kwamba jana niliota. Ipo.

Alhamisi, 9 Machi

Nimekwenda mjini kwa Bwana Ndegwa. Nilipopita mezani pa Nyawira, sekretari wake, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Nyawira! Miaka sita tumekula pamoja, githeri yake na muthokoi wangu kwenye sahani moja. Nani mwingine angeweza kuitoa picha yangu kwenye faili na kuipiga chapa hiyo ilani? Nilimwambia, "Endelea kutafuta, utapata," nikaingia ndani.

"Perpetua! Kaa. Uletewe chai?"

"Sitaki chai, Bwana Ndegwa. Nataka utoe uso wangu huko."

"Ah, hiyo? Hiyo ni kitu ya kawaida. Kila salesman akitoka tunaweka. Si hata Ndungu tuliweka?"

"Ndungu aliiba. Mimi niliacha kazi, na barua yangu unayo."

"Sasa mimi nimeandika mahali uliiba? Soma vizuri. Nimesema haufanyi kazi hapa. Ni uongo?"

Ni kweli, si uongo. Akaegemea kiti, akaongea polepole kama anayemfariji mfiwa. "Madam, hizo shule za Machakos na Kitui zinakujua wewe, hazinijui mimi. Nimempatia mpwa wangu hiyo route, na wewe ukakasirika ukaenda. Sawa. Kesho ukienda kwa mwenye duka mwingine, utabeba shule zote na wewe. Nijikinge aje?"

Kilichoniumiza ni kwamba hakuwa na hasira yoyote nami. Angenitukana ningetoka pale nikiwa na nguvu.

Jumatatu, 13 Machi

Joto la kuua. Ipo.

Jumamosi, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Barabara yetu hapa Kabiria imegeuka uji, na mwanangu Nzula ametoka kwenye masomo ya Jumamosi na kiatu kimoja, kingine kimemezwa na tope. Stima imepotea tangu mchana kwa hivyo sikuangalia. Nimeshinda na wasiwasi kana kwamba nisipoangalia itazidi kukua.

Jumapili, 26 Machi

Mimi ndiye mshika ufunguo wa sufuria za akina mama kanisani, zile kubwa za kupikia harusi na matanga. Leo baada ya ibada mwenyekiti alinishika mkono akanipeleka kando ya tangi la maji. "Mama Nzula, tumeona umechoka. Wacha mwenzako akusaidie na huo ufunguo kidogo."

Nikamuuliza ni nani ameona nimechoka. Akasema, "Sisi tu." Nikamuuliza kama mtu anaweza kuiba sufuria ya kupikia watu mia tatu akaificha chini ya kitanda. Akaanza kuniombea palepale, kwa sauti. Nikampa ufunguo wake ili anyamaze.

Jumanne, 28 Machi

Kwenye tovuti ya Bwana Ndegwa, chini kabisa, kuna maandishi madogo: imetengenezwa na fulani, na nambari ya simu. Leo nimemfuata huyo fulani Ngara.

Ni msichana. Anaitwa Charmi, hajafika hata miaka thelathini, yuko ghorofa ya kwanza juu ya duka la mama yake la vitambaa. Nilikuwa nimekwenda na matusi tayari. Mama yake, Pramila, alinikuta kwenye ngazi ninatiririka maji, akanipa taulo kabla hajaniuliza nimefuata nini. Ukishajifuta na taulo ya mtu, matusi yanapungua makali.

"Wewe ndiye uliweka hii?" nikamwonyesha.

Charmi aliitazama picha, akanitazama mimi. "Ni wewe? Mama, pole. Mimi huwekewa kazi tu kwa email, naweka. Sikujua… yaani, sikufikiria ni mtu."

"Ulifikiria ni nini?"

Alisema hawezi kuitoa bila ruhusa ya mteja, lakini ataongea naye. Nilimwambia habari za hospitali, kwamba wataangalia baada ya Pasaka. Akaiandika mkononi kwa kalamu kama mtoto wa shule.

Nilirudi nyumbani nikimchukia kidogo kuliko nilivyokusudia.

Jumatatu, 3 Aprili

Charmi amepiga simu. Bwana Ndegwa amekubali! Eti mpwa wake ameshajulishwa kwa walimu wakuu wote, ilani haina kazi tena. Hivyo tu, kama mtu anayebandua tangazo la zamani mlangoni. Charmi ameufuta ukurasa mchana huu. "Na nimefunga pia," akasema. "Nimeweka amri Google isiingie huko tena kabisa. Kufuli mbili. Ngoja tu siku kadhaa itoke."

Nimepika kuku. Mume wangu Haron ameuliza ni sikukuu gani, nikamwambia ni yangu.

Jumamosi, 8 Aprili

Ipo. Ukibonyeza huendi popote, ukurasa haupo. Lakini jina langu bado liko kwenye orodha, na pembeni pana mahali pa kubonyeza uone nakala ya zamani iliyohifadhiwa. Ukibonyeza hapo, mimi huyo, na macho yangu.

Jumatatu, 10 Aprili

Ipo. Mvua.

Jumatano, 12 Aprili

Ipo. Mvua. Kijana wa saiba hanilipishi tena, akiniona anasema, "Auntie, ingia tu, dakika mbili." Ananionea huruma. Sitaki.

Alhamisi, 13 Aprili

Haron amerudi mapema, amelowa chapachapa na mfuko wake wa vyuma vya kutengenezea friji. Akala kidogo. Nzula alipokwenda kwa jirani kuazima kitabu, akasukuma sahani.

"Mama Nzula, nikikuuliza kitu hautakasirika?"

"Uliza, Baba Nzula."

"Yule landlord wa Riruta, mwenye hutupatia kazi ya friji zake. Leo ameniambia kijana wake ameona jina yako kwa kompyuta. Akaniuliza kama ni wewe."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni wewe, lakini ni mambo ya ofisi." Akawa anaichunguza meza. "Kuna kitu ulichukua pale? Hata kama ni kidogo. Mimi sitakuhukumu. Nataka tu nijue tunapigana na nini."

Aliuliza kwa upole, na huo upole ndio ulionichinja. Angefoka ningemfokea. Lakini mume wangu alikuwa amekaa pale akiwa tayari kunisamehe. Ameshanibebea wizi wangu, ameshaupokea nyumbani, anasubiri tu niutaje jina.

Nilimwambia, "Sikuchukua kitu." Akasema, "Sawa." Akasema sawa haraka mno. Niliinuka nikaanza kuosha sufuria, na kila nilipogeuka nilimkuta ananitazama mgongoni, si kwa ubaya, kwa namna ya mtu anayejaribu kukumbuka kama mlango aliufunga.

Miaka kumi na mbili ya ndoa. Ukurasa mmoja tu.

Jumapili, 16 Aprili, Pasaka

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Haron kichwa kinaniuma. Kilikuwa kinaniuma.

Alhamisi, 20 Aprili

Ipo.

Jumanne, 25 Aprili

Ipo. Nimempigia Charmi, naye sasa ameanza kushangaa. Kuna mteja wake mwingine alifuta kurasa zake wiki moja baada yangu, zote zimeshatoka. "Sielewi, Ndunge. Yako imeganda." Anasema ataichunguza tena.

Kule Kangemi mto umefurika na kuna nyumba za mabati zilizokwenda. Nimeona mwanamke amesimama barabarani na godoro kichwani akiuliza kila mtu saa. Nikajiona sina haki ya kulia kwa sababu ya picha. Halafu nikafika nyumbani nikalia kwa sababu ya picha.

Jumanne, 2 Mei

Yule mama wa hospitali amepiga. Sauti ileile.

"Perpetua, nasikitika. Kamati imechagua mtu mwingine."

Nikamwomba aniambie ukweli kama mwanamke kwa mwanamke. Nikasikia anafunga mlango. "Tuliona kitu kwenye mtandao. Wiki jana tulipoangalia. Mimi nilikutetea, kweli. Lakini ni stoo ya dawa, unaelewa? Wenye hospitali wako Ulaya, wanaona tu kile kinachoonekana."

Nikamwambia ilifutwa mwanzo wa Aprili. Akasema, "Lakini tuliiona." Tuliagana vizuri. Hata nilimwombea baraka, sijui kwa nini.

Jumatano, 3 Mei

Nilikwenda Ngara kumwambia Charmi ashughulike na mengine, yangu imeshaisha. Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, hajachana nywele, macho mekundu. Hakunisalimia.

"Ndunge, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi nimeifanya igande." Akavuta kiti nikae. Sikukaa. "Sikiza. Unajua mtu wa kusoma mita ya stima? Google ni kama huyo. Anapita kila nyumba, anasoma, anaandika. Mimi nilifuta ukurasa wako, nyumba ikabaki tupu. Angekuja akaona ni tupu, angeandika tupu. Lakini nikaweka ishara kwa gate: usiingie. So anakuja, anasoma ishara, anarudi. Hajaona ndani. Si unajua vile hufanya wakikosa kuingia kwako?"

Ninajua. Kila mtu Nairobi anajua. Huandika ile ya mwezi uliopita.

"Kila siku amekuwa akikuandikia ile ya mwezi uliopita," Charmi akasema. "Kama singeweka hiyo kitu, ungetoka kitambo. Kabla ya Easter. Nilidhani ninakusaidia."

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia Ndegwa mpaka kaburini, na Nyawira, na mwenyekiti wa sufuria, na sasa naambiwa aliyenimaliza ni yule mmoja aliyetaka kunisaidia, kwa kunisaidia zaidi ya ilivyohitajika. Nilichukua kikombe cha chai alichokuwa ameniletea Pramila nikakigonga mezani, chai ikarukia karatasi zote. Charmi hakuzipangusa. Alikuwa analia bila sauti, makamasi na yote, kama Nzula akikosea hesabu.

Pramila alipanda ngazi akasimama mlangoni. Alimwangalia binti yake, akaniangalia mimi. "Yeye si mbaya," akaniambia. Nikamjibu, "Najua, Mama. Ndiyo shida." Nikatoka. Mvua ilikuwa inanyesha nikatembea nayo mpaka mjini, bila mwavuli, watu wakinipisha.

Jumatano, 10 Mei

Sina la kuandika.

Jumatatu, 15 Mei

Imetoka.

Charmi aliiondoa ile ishara siku ileile, msoma mita akaja, akakuta tupu. Leo nimeandika jina langu lote na Google ikasema haina kitu. Nilikaa pale saiba nikiisubiri furaha. Kijana akauliza, "Auntie, imeenda?" Nikamwambia imeenda. Akanishika mkono wa pongezi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Nimemwambia Haron. Akasema, "Asante Mungu." Halafu akaongeza, "Si nilikwambia itaisha?" Hakuwahi kuniambia.

Ijumaa, 19 Mei

Charmi amekuja Kabiria mwenyewe, viatu vyeupe vimekwisha kwa tope, amenunua maembe njiani. Hakuomba msamaha tena, na nimefurahi, kwa kuwa sikuwa na pa kuuweka. Anataka mtu wa ofisini. Wateja wameongezeka, na kila mmoja anataka kujua jambo moja: nimeonekana? Kazi ni kupitia kurasa zao kila asubuhi na kuangalia zipi zimeingia Google, zipi bado, na zipi zimetoka.

"Hakuna mtu Nairobi amefanya hiyo kazi kukushinda," akasema. Tukatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nikacheka, kicheko kibaya, mpaka Nzula akatoka chumbani kuangalia.

Nimekubali. Si kwa sababu nimemsamehe. Nimekaa nyumbani vya kutosha.

Jumatatu, 5 Juni

Kazi naijua. Mwenye kutengeneza majeneza wa Kangemi anapiga simu kila asubuhi: "Madam, nimeonekana?" Nikimwambia bado anahuzunika kweli, kana kwamba kuna watu wamekataa kufa.

Jumanne, 13 Juni

Mvua imeisha, baridi imeingia. Haron ananisindikiza stejini asubuhi na kubeba mkoba wangu. Landlord wa Riruta amemwita tena kwa kazi. Hatuongei juu ya lile swali. Charmi hufunga ofisi akaniachia ufunguo, ananitupia tu. Sijawahi kumwambia ninavyoupokea huo ufunguo.

Jumatatu, 19 Juni

Charmi amekwenda Kisumu kwa harusi ya binamu yake Krish, nimeachiwa ofisi wiki nzima. Amenifundisha kuweka kurasa rahisi. Saa nne hivi imeingia barua pepe kutoka kwa Bwana Ndegwa. Bado ni mteja wetu, tena mkubwa, mimi huruka tu jina lake nikilikuta. Weka hii leo, anasema. Naona imetumwa na mpwa wake.

Ilani kwa umma. Mtu ambaye picha yake inaonekana hapo juu. Tabitha Nyawira Gerishon.

Nitasema ukweli kwa kuwa hakuna asomaye humu: kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa utamu. Ulinipanda mwilini kama chai moto. Nyawira na droo yake! Nilikaa nao huo utamu kitambo, sikuuharakisha. Halafu nikaitazama picha. Amepaka mafuta mengi usoni, shingo ameinyoosha, msichana wa siku ya kwanza kazini aliyeambiwa asitabasamu. Baba yake Gerishon alipompa hilo jina hakujua kuna siku litatafutwa na mashine. Nalo ni moja tu duniani.

Nimeuweka ukurasa, kwa kuwa kazi ni kazi. Kisha nimefanya nilichojifunza kwa machozi yangu: kabla msoma mita hajafika, nimetundika ishara getini. Usiingie. Atakayeifungua tovuti ya Ndegwa ataiona ilani. Atakayelitafuta jina la Nyawira hatapata kitu. Hakuna atakayejua.

Nimejisikia mtu. Muda mrefu sijajisikia hivyo.

Jumatano, 21 Juni

Nyawira amekuja Ngara. Alikuwa anamtafuta Charmi, kama mimi Machi ile. Alipofungua mlango akanikuta mimi nimekaa kwenye kiti cha Charmi, alishika ukuta.

"Ndunge? Unafanya kazi hapa?"

"Karibu, Nyawira. Kaa."

Alikaa. Mpwa wa Ndegwa ndiye mwenye sauti ofisini sasa, alikuwa anamtukana mbele ya wateja, akaacha kazi. Kuna kampuni ya bima imemwita na anajua wataangalia jina. Alizungumza akiangalia magoti yake. "Mimi ndiye nilitype ile yako. Unajua?"

"Najua."

"Nilikuwa naogopa. Hiyo tu."

Nilimwacha kidogo na hiyo hofu yake, mimi si malaika. Halafu nikaliandika jina lake Google mbele ya macho yake. Hakuna. Nikamwambia, "Haitaonekana. Nimeifunga mimi mwenyewe. Enda nyumbani ulale." Alinikumbatia, akaninukia mafuta yaleyale ya enzi zetu, na tukalia wote wawili kama wapumbavu mpaka Pramila akatuletea chai.

Jumatatu, 26 Juni

Charmi amerudi, lakini alikuwa chini dukani simu ilipolia, nikaishika mimi.

"Hii ilani yangu mbona haionekani?" Sikuhitaji kuambiwa ni nani. "Nimeandika jina ya huyu msichana hapa, hakuna kitu. Ya kwanza ilionekana mara moja. Watu siku hizi hawasomi gazeti, wanaangalia huku."

Nikasema huchukua muda.

"Perpetua?"

Ningekata simu. Sikukata.

"Perpetua, ni wewe! Umefika huko? Vizuri, vizuri sana." Alikuwa anafurahi kweli, ndivyo alivyo. Halafu nikamsikia anafikiri. "Sasa naelewa kwa nini haionekani. Nyinyi mlikuwa marafiki. Sikia, mimi sigombani na mtu. Nikikosa kuona ya Nyawira wiki hii, nitahamisha tovuti kwa watu wengine. Na huko nitawaambia waweke zote mbili. Yako bado niko nayo hapa, na picha. Fikiria tu, madam. Siku njema."

Nilimweleza Charmi yote, na ile ishara getini pia. Hakunigombeza. Aligeuzageuza pete yake kidoleni. "Mimi sina haki ya kukuambia ufanye nini," akasema. "Ukisema tuache, tutaacha aende. Nitajua mahali pengine pa kupata kazi." Nilitamani aniamrishe. Nilitamani sana.

Haron naye nilipomwambia alikuwa anafunga kamba za viatu vya Nzula, hakuinua kichwa. "Nyawira alikuandika wewe bila kufikiria mara mbili. Isirudi hapa tena, Mama Nzula. Tafadhali." Ile tafadhali yake. Ndipo nikajua kwamba lile swali halijawahi kuondoka nyumbani mwetu, limelala tu, na picha yangu ikirudi mara ya pili hataniuliza tena. Ataamini tu.

Jumanne, 27 Juni

Nimeitoa ile ishara. Ni kufuta mstari mmoja. Charmi alikuwa chumba cha pili akajifanya anaongea kwa simu.

Jumatano, 28 Juni

Bado.

Ijumaa, 30 Juni

Bado. Kila asubuhi naangalia nikitumaini msoma mita amepotea njia. Nyawira ametuma ujumbe: bima wamemwita Jumanne ijayo kwa mara ya mwisho, niombee dada. Nimemjibu nitakuombea. Na nimemwombea.

Jumatatu, 3 Julai

Imeingia. Ni ya kwanza kabisa kwenye orodha, na picha imetokea vizuri kuliko yangu.

Nimempigia Bwana Ndegwa kumwarifu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu kuwaarifu wateja. "Asante Perpetua," akasema. "Nilikuwa najua wewe ni mtu wa kazi." Nikasema, "Karibu, Bwana Ndegwa."

Simu yangu inalia, ni Nyawira. Imelia tangu saa tatu, inakatika, inaanza upya. Nimeiweka chini ya kitambaa cha kufutia kompyuta. Kisha nikaliandika jina langu mwenyewe, majina yote matatu, nikangoja. Hakuna kitu. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na ukurasa wa majeneza.